Ngeli ya Chura

Mwanangu Aika,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya ndoo, godoro, soksi nyeupe na dawa, tena amekuambia mara mbili, kwa hiyo mimi huko sitagusa. Sasa hivi yeye amekwenda kwa fundi kuchukua sketi yako, wewe unazunguka kwa majirani kuaga, na nyumba yetu hii ya Pasua imekuwa kimya mpaka nasikia friji inavyonguruma. Nimekaa mezani na karatasi nilizonunua mwenyewe dukani. Za ofisini zipo, lakini nisije nikaulizwa.

Unajua kwamba baba yako ni mwoga. Naogopa simu inayoita alfajiri, naogopa kuitwa na mkuu wa idara bila kuambiwa sababu, naogopa kinyonga. Kesho unapanda basi la Iringa kwenda kuanza kidato cha tano, na hilo nalo naliogopa, ila silo linaloniandikisha barua. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kule majini kwa bibi yako. Jumapili niliposema nakwenda Masama kumjulia hali bibi yako, nilikuwa nakwenda kukutana na baba yako mkubwa. Tangu siku hiyo nimejaribu kukusimulia yaliyotokea, na kila nikianza nacheka na maneno yananikimbia kwa pamoja. Kwenye karatasi maneno yangu hutulia. Ndiyo kazi yake.

Nianze na Desemba, maana ndipo jambo lilipoanzia. Ukoo wote ulikuwa umepanda nyumbani kwa Krismasi, na siku ya kikao baba yako mkubwa Felisiani akasimama na kusema anataka kuchimba mtaro chini ya mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee, akaushe lile eneo lenye maji, apande parachichi. Alikuwa na haki ya kusema. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa bado navaa kaptura, yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa biashara yake ya ndizi pale sokoni Kwa Sadala. Kwa desturi yetu kihamba cha nyumbani, shamba la migomba la ukoo, ni cha kitinda mimba, yaani changu, lakini tangu nikiwa mtoto sijawahi kumwambia kaka neno "hapana". Sikujua hata linaanzia upande gani wa mdomo.

"Pale hapana kitu," alisema. "Ni tope na vyura. Na vyura vyenyewe vinapiga kelele usiku kucha, mama halali."

Ukasema kutoka kwenye mkeka, "Wanapiga, baba mkubwa."

"Nani wanapiga?"

"Vyura. Vyura wanapiga kelele."

Nakumbuka shangazi yako aliacha kutafuna. Kaka akanigeukia mimi, si wewe. "Aisee, Beda. Umemleta huyu anifundishe Kiswahili kwenye kihamba cha baba yangu?"

Nikakuamuru uombe radhi. Ukasimama, ukainamisha kichwa vizuri kabisa, ukasema, "Naomba radhi, baba mkubwa. Lakini bado wanapiga." Bibi yako alicheka mpaka akapaliwa na mbege, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya pili tukiteremka mjini ulininunia mpaka tulipofika kwenye lami, kisha ukanieleza, kwa subira ya mtu anayemweleza mtoto. Ulisema chura na vyura ni kama chumba na vyumba, chakula na vyakula. Ukimtazama umbo lake mdomoni, chura amekaa na vyombo. Lakini akianza kutenda, lugha inamhamisha: anaruka, wanalia, kama watu. Ulisema Kiswahili kimemwekea chura ngeli mbili kwa wakati mmoja, na kwamba hata kipepeo na kinyonga ni hivyo hivyo, wana jina la kitu na kitenzi cha mtu. Kisha ukaniuliza swali ambalo sikulijibu: "Baba, kwa nini mgomba haukupewa? Tunasema mgomba umeota. Haupumui?"

Nilikuambia unyamaze, dereva anasikia. Kumbe sikutaka tu kukiri kwamba sijui.

Mimi nilisoma Baiolojia, Aika. Nilikariri himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, na tukizitamka kwa wimbo mwalimu alikuwa anapiga meza kwa rula. Nilipata alama nzuri mno. Ngeli ya wanyama na ngeli ya majina ni neno lilelile, na katika miaka yangu yote ya shule sikuona. Tena katika miaka hiyo sikuwahi kumshika chura hata mmoja. Nilijua tu kwamba amfibia huishi majini na nchi kavu, nikaandika hivyo, nikapewa vema. Wewe ulikuwa na miaka saba ulipotoka kule majini na viatu mkononi ukaniambia, "Baba, yule mdogo anapumua kama samaki na yule mkubwa anapumua kama mimi, na ni mtu mmoja." Ulisema mtu. Nikakukemea kwa ajili ya viatu.

Nimekuwa nikijiuliza mwaka huu wote kwa nini mambo haya yalikuwa yananitia hofu badala ya hamu. Nadhani ni kwa sababu ya neno "mdudu". Nililelewa kwenye nyumba ambayo siafu ni mdudu, nyoka ni mdudu, kinyonga ni mdudu, ugonjwa wa kidole ni mdudu, na Jumamosi wazee wakienda kula nyama ya nguruwe wanasema wanakwenda kumla mdudu. Neno moja kwa yote tusiyotaka kuyaangalia kwa karibu. Ukishasema mdudu umemaliza, unainua kiatu. Siku uliponiletea kinyonga mwenye pembe puani, nikapanda juu ya kiti, ulisema, "Baba, huyu si mdudu, ana uti wa mgongo kama wewe." Mama yako akasema kutoka jikoni, "Kama baba yako ana uti wa mgongo ashuke kwenye kiti."

Mama yako ana haki ya kusema hivyo, na nitakueleza kwa nini. Nilipompeleka Masama mara ya kwanza, binti wa watu waliotoka Singida kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, hakuna aliyemuuliza Singida ikoje. Walisema ni chasaka. Umelisikia neno hilo, Mchaga analitumia kwa mtu yeyote asiye Mchaga, mtu wa porini. Mnyaturu, Mpare, Msukuma, Mmakonde, wote chasaka. Shangazi alilisema bila ubaya wowote, huku akimkaribisha mtori, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Na mimi nilikaa pale, bwana harusi mtarajiwa, nikala mtori. Sikusema kwamba ana jina, kwamba kwao wana namna thelathini za kutambua nyasi za mbuzi ambazo sisi hatuzijui. Hizo thelathini nimezibuni, sijawahi kumuuliza ni ngapi. Ndiyo maana ya ninachosema.

Utakutana na maneno kama hayo huko uendako, na wewe utakuwa ndani ya mojawapo. Wengine watakuita Mchaga kwa namna ambayo itakuwa na maana ya bahili. Sina ushauri. Nakuambia tu nimekaa upande ule mwingine wa neno, upande wa wenye kulisema, na kutoka pale huoni kitu.

Kazini nako nilichelewa kujifunza. Mwaka wangu wa kwanza masjala niliamini kila barua ina jalada lake moja, na karani mzuri ni yule asiyesita. Ikaja barua ya wanakijiji kuhusu chemchemi iliyokuwa ndani ya shamba la mtu. Niliona "shamba", nikaiweka kwenye jalada la Ardhi, nikapiga muhuri. Watu wa Maji wakaisubiri mpaka masika yakapita. Niliitwa kujieleza. Tangu hapo nilianza kubandika vijikaratasi kwenye majalada: tazama pia Maji, tazama pia Misitu. Wenzangu wananitania, wananiita Tazama Pia. "Tazama Pia, chai imefika." Lakini hakuna barua iliyopotea tena mezani kwangu, na zipo nyingine zenye vijikaratasi vinne.

Wewe ndiwe uliyenifanya niutazame mlima kwa jicho hilo. Zamani nilikuwa naupenda kwa sababu ulionekana umepangwa vizuri kuliko kabati langu. Chini kabisa joto, mahindi na alizeti, halafu vihamba vyetu, halafu msitu, halafu vichaka vya baridi ambako miti inakuwa mifupi kama imekaripiwa, halafu mawe, halafu barafu. Kila kitu kwenye rafu yake. Ukaniharibia mwezi wa tatu, tulipokuwa tumesimama kwenye mfongo kwa bibi. Ulisema ukungu unaokwama kwenye miti kule msituni ndio unaodondoka, unaingia kwenye kijito, unaingia kwenye mfongo, unavuja pale kwetu kwa sababu babu zetu hawakuziba vizuri. "Kwa hiyo hapa ni msituni, baba," ulisema, umesimama katikati ya migomba. "Ni kipande cha msitu kilichoteremka kwa miguu."

Bibi akauliza unasema nini. Nikamtafsiria Kichaga, vibaya. Akasema hilo analijua, ndiyo maana pale pana baridi. Kisha ukamwambia kwamba mgomba si mti, shina lake ni majani yaliyojifunga tu, uko karibu zaidi na nyasi kuliko na mti wa mringaringa.

"Mae!" alisema bibi. "Basi miaka yote hii nakula majani kama ng'ombe?"

"Ndiyo, bibi. Na ng'ombe wako naye anakula mgomba."

"Basi tumekuwa wa zizi moja," akasema, akaenda kumsimulia ng'ombe.

Sasa Jumapili.

Baada ya misa nilimkuta baba yako mkubwa amekwisha kufika kihambani. Alikuwa ananyoosha kamba kutoka kwenye mfongo mpaka chini, anapima mtaro. Vijana wake wa kuchimba wanakuja Ijumaa hii. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima kutoka mjini, ikanitoka yote nilipoiona ile kamba. Kwenye mpaka wa kihamba kuna masale, yale majani marefu ambayo kila Mchaga anayapanda mpakani na hakuna anayethubutu kuyang'oa. Nilijua tangu utotoni kwamba mtu akikuletea jani la sale huwezi kumkatalia. Basi nikakata jani, nikalifunga fundo kama nilivyowahi kuona, nikalishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaniangalia mikono. Kamba ikamdondoka. "Beda. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mtu haji na sale kwa sababu hajafanya kitu. Umeuza kihamba?"

"Hapana!"

"Una mtoto wa nje?"

"Kaka!"

Kutoka jikoni sauti ya bibi yako ikapaa: "Nani ana mtoto wa nje?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Sale si la kuombea chochote unachokitaka. Ni la kuombea msamaha, na anayeletewa hawezi kukatalia msamaha, basi. Mimi, msomi wa ukoo, nilikuwa nimekumbuka nusu ya desturi. Nimesimama mbele ya mkubwa wangu na ushahidi wa kosa ambalo sijalitenda, mama anakuja mbio na mwiko mkononi, na siwezi kulirudisha jani kwenye mti.

Sijui nilichosema kilitoka wapi. "Naomba unisamehe kwa kosa nitakalolitenda sasa hivi."

"Lipi?"

"Nitakukatalia."

Sauti yangu ilipasuka kama ya mvulana wa darasa la saba. Nikaendelea tu. Nikasema mtaro hautapita pale majini, kwamba mimi ndiye kitinda mimba na nimekataa, kwamba nafasi ya parachichi ipo upande wa juu, na kwamba ninamheshimu. Hilo la heshima nililisema mara nyingi kupita kiasi.

Kaka aliitazama kamba yake pale chini. Bibi akateremsha mwiko. Mwisho kaka akalichukua jani, maana hakuna namna nyingine.

"Umenitega."

"Sikukutega, kaka. Nilikosea desturi."

"Basi hilo ni kosa la pili. Nimekusamehe yote mawili." Akaliweka kwenye mfuko wa shati, lile shati lake la kanisani. "Sasa niambie kuna nini pale. Usiniambie ya mtoto. Niambie wewe."

Nikaanza. Nikasema kuna vyura, kuna kereng'ende, kuna kaa wadogo chini ya mawe, kuna yule ndege wa buluu anayevua. Kila nilichokitaja kilikuwa na sauti yako, na alisikia.

"Umewahi kuingia mle?"

"Hapana."

"Hata mguu?"

"Hata mguu."

"Mimi nimeingia," alisema. "Nikiwa mdogo, baba alikuwa ananituma magimbi. Nilikuwa naogopa mle kufa. Wewe unatetea usichokijua, bwana mdogo." Hakusema kwa hasira. "Haya. Weka mpaka. Kwa mikono yako, si kibarua. Vijana wakifika Ijumaa wakakuta masale yamezunguka, watachimba juu. Wasipokuta, mimi sitaki kusikia habari ya vyura, viwe vinaimba misa."

Alipoondoka nilivua viatu. Usicheke. Nilikunja suruali, nikatia mguu mmoja, halafu wa pili. Tope ni la baridi kuliko nilivyotazamia, na linakushika kama mkono wa mtu. Sikwenda mbali, labda hatua chache, nikasimama pale kwenye magimbi pori nikisubiri kuumwa. Hakuna kilichoniuma. Baadaye kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimetulia, wakaanza kurudi. Kereng'ende mwekundu alikaa kwenye kola yangu. Nilimwacha. Kwenye maji, karibu na kifundo cha mguu, walikuwapo viluwiluwi wengi, na mmoja wao alikuwa na miguu ya nyuma, miembamba kama uzi, lakini mkia ungali mrefu. Mwingine alikuwa na miguu yote minne na mkia vilevile. Alipanda kwenye jani lililoanguka, akakaa nusu nje nusu ndani, kifua kinapanda na kushuka.

Nilitaka kukuuliza tangu siku ile: huyu anaitwaje? Ni siku gani hasa mnasema sasa ni chura? Ni mkia ukiisha? Au ni pale anapovuta hewa mara ya kwanza, hata kama mkia bado? Na anajua? Na akishatoka, anaweza kurudi chini akishtuka, au mapafu yakishafunguka ndiyo basi? Nimetafuta kwenye vitabu vyako vya kidato cha nne, vimechora hatua tano na mishale katikati, na swali langu liko ndani ya mshale. Kama huko shuleni kuna mwalimu anayejua, muulize kwa niaba yangu. Kama hajui, mpende huyo mwalimu akikiri.

Na lile la mgomba kukosa "a" nimelifikiria pia. Nadhani wahenga waliona hauendi popote. Lakini mgomba unakwenda, Aika. Mama akikatwa, mtoto anaota pembeni, na baada ya miaka mingi shina limehama kutoka pale lilipopandwa. Bibi anasema ule wa karibu na jiko ulianzia kwenye lango. Ni safari, ila hakuna aliyekaa muda wa kutosha kuiona.

Kesho nitakupeleka stendi. Basi likiondoka usinitafute kwa muda mrefu dirishani, kwa sababu nitakuwa nimekwisha kukimbilia gari la Masama. Vipandikizi vya sale nimeviweka kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya mlango wa jikoni. Mama yako anajua, nilimwambia jana. Alinitazama kama alivyokuwa ananitazama kabla ya ule mtori.

Ruhusa nimepata. Niliogopa kuiomba tangu Jumatatu, leo nikaingia. Mkuu wa idara akauliza kumsindikiza mtoto stendi kunahitaji siku nzima kwa sababu gani. Nikasema kuna pia kupanda mpaka.

"Una mgogoro na nani?"

"Na kaka yangu, lakini umekwisha."

"Sasa mpaka ni kati yake na nani?"

"Na vyura."

Akaweka kalamu chini. Nikadhani ndiyo mwisho wa ajira yangu. "Wako wangapi?" akauliza.

Nikamwambia mimi sijui, anayewajua anaondoka kesho na basi la asubuhi.

Akaichukua kalamu, akanipa siku mbili.

Ni mimi baba yako, ambaye wakati wewe unapita Korogwe atakuwa kwenye tope mpaka magotini,

Beda